Mashua ya Vichwa Arobaini na Sita

Rangi ilikuwa bado inachuruzika.

Ile X nyekundu ambayo wiki jana tuliiacha nusu ubavuni mwa mashua, sasa ilikuwa imekamilika, kubwa kama mlango wa choo. Na Mokeira alikuwa amesimama ndani ya hiyo mashua, miguu wazi, panga mkononi.

"Rudisha hiyo brashi hapa tena," alisema, "uone kama utafika nyumbani na vidole kumi."

Watu walirudi nyuma hatua mbili. Afisa Linet hakurudi hata moja.

Huyu Linet ni mkaguzi wa vyombo vya maji. Mama wa miaka hamsini hivi, ametoka Kisii mjini na faili ya kijani kwapani. Viatu vyake vizuri vilikuwa vimemezwa na matope ya Nyamira, na hiyo pekee ilitosha kumkasirisha. Alifunika mkebe wa rangi polepole, kama mtu anafunika sufuria ya ugali.

"Mama Abigael, mimi sipigani na mtu. Nina karatasi. Karatasi inasema leo Ijumaa ndiyo mwisho. Chombo bila leseni, Jumatatu asubuhi lori linakuja na winchi, mtu wa gesi anakikata vipande. Kinauzwa vyuma kwa kilo."

"Leseni si nilikuja kulipa!" Mokeira alipiga kelele. "Mwaka jana elfu sita na mia nne. Mwaka huu mnaniambia elfu thelathini na nne! Mashua ni ile ile. Kwani imenenepa?"

Watu wakacheka. Lakini hawakucheka kwa upendo, msomaji. Walicheka vile mtu hucheka jirani akianguka kwenye mteremko na debe la maji.

Kama leo ndiyo unaingia, shika haya mawili matatu twende. Kuna mfereji mkubwa umepita katikati ya mashamba ya chai huku chini ya Ikonge. Kampuni fulani iliuchimba ipeleke maji kwenye mtambo wa umeme, pesa zikaisha, wakaenda, maji yakabaki. Daraja liliahidiwa kampeni mbili zilizopita. Mashamba yako ng'ambo, kituo cha kuuzia majani kiko huku. Kwa hivyo magunia ya chai yanavuka kwa mashua ya Mokeira, na mtu akitaka mashua anagonga rimu ya lori iliyoninginizwa kila upande, ngoo, ngoo, mpaka Mokeira aje. Usipovuka kwa mashua, unazunguka kilomita tisa. Na hiyo kilomita tisa iko na pikapu moja tu. Ya Onyiego.

Onyiego ni shemeji ya Mokeira. Ndugu mkubwa wa Mose, yule bwana ya Mokeira aliyechomelea hii mashua kwa mikono yake, halafu miaka minne iliyopita akasema anaenda Uarabuni kutafuta kazi. Hakupiga simu hata siku moja. Hata ile ya kubipu.

Na huyo Onyiego sasa alikuwa amesimama pembeni, koti la kanisa mabegani, anatabasamu na meno ya juu tu.

"Shemeji, weka panga chini," alisema. "Unaaibisha boma yetu."

"Boma gani? Wewe ndiye ulimwita huyu mama hapa!"

"Mimi ni raia mwema."

"Wewe ni nyoka amevaa tai!"

Linet alipiga faili na kiganja. Paa!

"Nitaeleza mara moja. Mara moja tu, kwa sababu jua linaenda." Alinyoosha kidole upande wa mlima, pale juu ya mikaratusi. "Leo ni Ijumaa. Jua likigusa ile miti, Sabato imeingia, mimi nafunga faili. Sisaini kitu ndani ya Sabato hata mlete nani hapa. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Karibu wote pale ni Wasabato. Hakuna mtu angebishana na hilo.

"Leseni ya mashua inahesabiwa na mambo matatu," Linet aliendelea. "Urefu, kazi, na vichwa. Urefu, mashua yako ni mita saba, iko kwa daraja la chini. Elfu nne na mia nane. Kazi, unabeba mizigo, ongeza elfu moja na mia sita. Jumla?"

"Sita na mia nne," Mokeira alisema haraka. "Si ndiyo hiyo nasema!"

"Bado vichwa. Mashua inayovusha watu mpaka kumi na moja ni mashua ndogo, haiongezewi kitu. Kumi na mbili kwenda juu, hiyo si mashua ya jirani tena. Hiyo ni chombo cha abiria. Elfu thelathini na nne, na bado hujanunua jaketi za kuelea za kila mtu."

"Watu kumi na mbili? Wapi? Mimi wateja wangu nawajua mpaka nguo zao za ndani!"

Linet alifungua faili. Akatoa karatasi, akainua juu wote waone.

Mokeira aliinama ukingoni mwa mashua aione vizuri.

Ilikuwa picha ya kitabu chake. Kile kitabu cha mashua kilichopotea Jumanne, halafu Jumatano akakikuta kimerudishwa chini ya kiti. Kumbe kilikuwa kimeenda safari!

"Asubuhi moja," Linet alisoma. "Tarehe kumi na nne. Mistari arobaini na sita. Majina arobaini na sita. Hiki ni kitabu chako ama si chako?"

"Ni changu, lakini..."

"Basi vichwa arobaini na sita. Kwa mita saba! Mungu mwenyewe ndiye anajua vile hamjazama."

Onyiego alikohoa kidogo. Kikohozi cha raha.

Na hapa ndipo Mokeira alielewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Elfu thelathini na nne haikutoka ofisini. Ilitoka kwa kitabu chake mwenyewe.

Msomaji wa kwetu tayari amepiga paja. Wewe wa mbali, ngoja nikupe. Mkulima wa chai ana namba yake kiwandani. Akipeleka majani, yanaandikwa kwa ile namba, na bonasi ikija mwisho wa mwaka inaingia kwa ile namba. Sasa nani kati yetu ana namba moja? Kuna namba ya bwana. Kuna namba ya bibi. Kuna namba ya mtoto aliye Nairobi. Kuna namba ya mzee aliyezikwa. Na kuna ile namba nyingine, ile haitajwi mezani, ile bonasi yake haijui mlango wa nyumba.

Mokeira aliandika namba. Mstari mmoja, namba moja, jina la namba, gunia lake. Ilibidi, kwa sababu magunia yakichanganyika kule kituoni karani anaita namba na vita inaanza. Kwa hivyo mtu mmoja na magunia matano, mistari mitano!

Yeye aliandika magunia. Ofisi ikahesabu watu.

"Madam!" Mokeira aliruka kutoka kwa mashua, panga bado mkononi, watu wakatawanyika. Akaona, akalitupa kwa nyasi. "Madam, hayo si majina ya watu! Ni majina ya namba! Hao watu hawafiki hata kumi na mbili!"

"Kitabu kinasema arobaini na sita."

"Kitabu kinasema magunia!"

"Basi niletee wenyewe." Linet alitoa kalamu, akaitoa kifuniko. "Kila mtu aje hapa, aseme kwa mdomo wake, namba fulani na fulani ni zangu, mimi ni kichwa kimoja. Aweke sahihi. Vichwa visipozidi kumi na moja, unalipa sita na mia nne, na hiyo X unaifuta leo."

Mokeira aligeuka kwa furaha. "Mmesikia? Njooni basi! Mwalimu Ongeri! Si wewe uko na sita?"

Mwalimu Ongeri, mstaafu, kofia ya manyoya kichwani, aliangalia mbingu kama mtu anatafuta ndege.

"Mimi sina habari," alisema.

"Mwalimu! Nimekubebea magunia sita Jumatatu!"

"Usinitaje, Mokeira." Sauti ilikuwa ya chini na mbaya. Bibi yake alikuwa amesimama nyuma yake hapo hapo, kikapu kichwani, masikio yamesimama.

Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Ukitaja namba yangu hapa utanijua mimi ni nani!"

"Mashua ikatwe tu! Kwani tulizaliwa na mashua?"

"Mambo ya namba ni ya nyumba ya mtu! Wacha kiherehere!"

Watu wale wale, msomaji. Watu aliowavusha kwenye mvua ya mawe. Watu ambao deni zao alizisahau makusudi. Sasa walikuwa wanamwangalia kama mwizi wa kuku.

Onyiego alifungua mikono kama mchungaji. "Shemeji, umeona? Hakuna mtu. Kubali tu. Jumatatu pikapu yangu itakuwa hapa saa kumi na mbili kamili. Nitawafanyia bei ya kijirani."

"Bei ya kijirani ni shilingi ngapi, Onyiego?"

"Tutaongea."

"Sema sasa, wasikie!"

"Nimesema tutaongea!"

Mokeira alipumua. Aliangalia jua. Lilikuwa limebakiza kama upana wa viganja viwili juu ya mikaratusi. Kwa simu yake kulikuwa na elfu sita, mia saba na hamsini. Hiyo ndiyo ilikuwa karo ya mtoto wake Abigael, ndiyo ilikuwa kila kitu. Mashua ikikatwa, hakuna nyingine. Mchomeleaji alienda na hakurudi.

Akaenda mpaka kwa kiti cha mashua, akainama, akatoa kitabu chenyewe.

"Sawa," alisema. "Mmekataa vizuri. Sasa sikieni. Picha aliyopiga mwizi imekata pembe ya kushoto. Hamjui kwa pembe ya kushoto kuna nini."

Tabasamu la Onyiego lilikufa.

"Mimi naandika jina la namba. Lakini kwa pembe nachora aliyeleta gunia. Mwenyewe. Kila mtu na alama yake, nisisahau nani anipe pesa. Mwalimu ni kofia. Mwingine hapa ni jogoo. Mwingine ni jiko." Alimgeukia Onyiego polepole. "Na mwingine ni koti na tai."

"We!" Onyiego alisema.

Huyo huyo mwenye pikapu! Ndiyo, msomaji! Asubuhi za siku ya soko la Ikonge, pikapu imejaa magunia ya watu, magunia yake mwenyewe alikuwa anayavusha kwa mashua, na hasemi na mtu!

"Mko na njia mbili," Mokeira alisema. "Mje kwa miguu yenu mnong'oneze Madam kwa sikio, bibi zenu na mabwana zenu wasisikie. Ama nisome alama kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini. Nahesabu mpaka tatu. Moja!"

Pale kulikuwa na msukosuko kama siafu wamemwagiwa maji moto.

"Mbili!"

"TUOMBE!" Onyiego alipaza sauti.

Huyu mtu ni shetani. Mzee wa kanisa akisema tuombe, na Sabato iko mlangoni, nani atasema hapana? Kofia zikatoka. Vichwa vikainama. Linet mwenyewe akafumba macho, kalamu kifuani.

"Baba yetu uliye juu," Onyiego alianza, polepole, kama mtu anakula nyama ya bure. "Tunakuja mbele zako jioni ya leo. Tunakushukuru kwa wiki nzima. Tunakushukuru kwa Jumapili. Tunakushukuru kwa Jumatatu..."

Mokeira alifungua jicho moja. Jua lilikuwa linashuka.

"...Tunakushukuru kwa Alhamisi. Bariki chai. Bariki mbolea. Bariki wale wanaoleta mbolea. Bariki barabara wanayopitia. Wakumbuke wagonjwa walio hospitali ya hapa, na walio hospitali za mbali, na wale bado hawajaugua..."

Kiganja kimoja na nusu.

"...Na tunamwombea dada yetu Mokeira, umpe moyo mlaini, umwondolee kiburi, umwondolee chuma, umwondolee kupenda pesa..."

Mokeira aliuma midomo mpaka akaonja damu. Kiganja kimoja! Na ukikatiza maombi hapa kwetu, hata ukiwa na haki, umeshindwa. Hakuna mtu atakusikiliza tena.

"...Baba, tunawaweka mikononi mwako vyombo vyote vya baharini, na vya ziwani, na..."

"AMINA!"

Sauti ilikatika kama kuni kavu. Ilikuwa Mong'ina. Mama mzazi wa Onyiego, mama mzazi wa Mose. Miaka sabini na tano, fimbo, shuka la miraba. Yeye ndiye husukuma mashua siku Mokeira yuko sokoni.

"AMINA!" watu wakajibu wote, kwa mazoea tu, na kofia zikarudi vichwani kabla Onyiego afumbue macho.

"Mama! Sijamaliza!"

"Mungu amemaliza," Mong'ina alisema. "Yeye si kiziwi."

"Tatu," Mokeira alisema, na akafungua kitabu.

Hakusoma hata neno moja. Mtu alitoka kwa umati.

Wote walifikiri ni Mwalimu. Hapana. Alikuwa Nyanchera, bibi ya Onyiego mwenyewe! Mama mnene mtaratibu, ambaye tangu sehemu ya kwanza hajawahi kuinua sauti hata kwa kuku. Alitembea mpaka kwa Linet. Hakunong'ona.

"Namba kumi na tisa kwa hiyo karatasi," alisema. "Jina ni la shangazi yangu aliyekufa. Chai ni yangu. Na namba ishirini ni yangu. Kichwa kimoja. Nipe kalamu."

Onyiego aliachama. "Nini? Mama Cynthia! Wewe uko na namba mbili?"

"Miaka sita."

"Bonasi yake iko wapi?"

"Uliuliza sare ya Cynthia ilitoka wapi? Uliuliza paa la jikoni lilitoka wapi? Ulidhani ni mvua imeleta?" Aliweka sahihi, akakaza jina mpaka karatasi karibu itoboke. Halafu akageuka. "Sasa na mimi niulize, Baba Cynthia. Namba thelathini na moja. Nimeona hapo kwa picha. Gladys. Gladys ni nani?"

Msomaji, hata maji ya mfereji yalisimama.

"Gladys..." Onyiego alilegeza tai. "Gladys ni dada wa kanisa. Namsaidia tu na majani."

"Mokeira. Kwa pembe kuna nini?"

Mokeira aliangalia. Alifikiria kuongopa, kweli. Halafu akakumbuka lile neno, vyuma kwa kilo.

"Koti na tai," alisema.

"Kila siku?"

"Kila Alhamisi."

"Alhamisi!" Nyanchera alipiga kofi moja hewani. "Ile siku unaniambia ni kamati ya ujenzi wa kanisa!"

Pale ndipo bwawa lilipasuka. Bibi ya Mwalimu Ongeri alishusha kikapu, akamshika Mwalimu kwa kola. "Na wewe! Sita? Mimi najua mbili!" Mwalimu alikimbilia kwa Linet kama mtu anakimbilia polisi. "Madam, andika haraka! Sita, zote ni za watoto! Wako Nairobi! Wa mwisho hata chai hanywi!"

Jogoo akaja. Jiko akaja. Walisukumana, walikanyagana, kila mmoja anataka kunong'ona kabla alama yake isomwe, na kila mmoja akitoka hapo anamtemea Mokeira maneno njiani.

"Umeharibu nyumba yangu."

"Sitavuka na hiyo takataka yako tena."

"Mungu anakuona."

"Asante, asante," Mokeira alijibu kila mmoja. "Weka sahihi kwanza."

Linet aliandika mpaka jasho likamtoka. "Saba. Nane. Tisa. Kumi." Akainua kichwa. "Bado namba kumi."

"Tisa ni za yule," Nyanchera alisema, akaonyesha bwana yake kwa kidevu. "Na leo ataweka sahihi ama atalala na Gladys kwa pikapu."

Onyiego alienda. Aliweka sahihi bila kuangalia mtu. Alipopita karibu na Mokeira alisema kwa sauti ndogo, "Hutamaliza mwaka na hii mashua. Naapa."

"Kesho ni Sabato," Mokeira alimjibu. "Usiape."

"Vichwa kumi na moja!" Linet alisema. "Lipa."

Mokeira alikuwa tayari ameshika simu. Akakosea namba ya siri mara moja, akarudia. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole. Ujumbe ukaingia. Elfu sita na mia nne imepokelewa. Linet akatoa leseni yenyewe, karatasi ya bluu na mhuri, akaiweka juu ya faili.

Kalamu ikagusa karatasi.

Ikasimama.

"Namba arobaini na tano zina wenyewe," Linet alisema. "Hii ya mwisho haina. Arobaini na sita."

"Gani?"

"Njoo uone."

Mokeira aliangalia mstari wa mwisho wa tarehe kumi na nne. Hiyo ilikuwa siku ya soko, yeye alikuwa Ikonge mchana kutwa. Mong'ina ndiye alikuwa na mashua. Lakini Mong'ina hajui kuandika. Wenye magunia huandika wenyewe siku hiyo, na Mokeira huchora alama jioni, Mong'ina akimwambia gunia la nani lilikuwa lipi. Huu mstari hakuwa ameuona. Ulikuwa umebanwa chini kabisa ya karatasi, herufi ndogo zimelala upande kama zimepigwa na upepo.

Aliujua huo mwandiko. Alikuwa na barua zake kwa sanduku, za kabla ya ile safari ya Uarabuni.

Na kwa pembe, mtu alikuwa amechora alama yake mwenyewe. Mashua ndogo. Mistari miwili na kijiti.

Mokeira aliinua macho polepole, akamwangalia mama mkwe wake.

Mong'ina alikuwa anaangalia maji.

"Mama," Mokeira alisema. "Ulimvusha nani?"

Mong'ina alihamisha fimbo mkono wa pili, akaangalia ng'ambo.

"Mama Abigael, jua!" Linet alisema. "Hii namba ni ya mtu ama si ya mtu? Kama kuna mwenyewe, ni kichwa cha kumi na mbili, na hii karatasi naipasua. Kama hakuna, sema hakuna."

"Hakuna," Mokeira alisema. Sauti yake haikutoka vizuri. Akarudia. "Hakuna mtu. Kuna mtu alikuwa anajaribu kalamu tu."

"Una hakika?"

"Saini, Madam."

Linet aliinamisha kichwa. Na wakati huo huo, kutoka ng'ambo, rimu ililia.

Ngoo. Ngoo. Ngoo.

Watu wote waligeuka. Wavukaji wote walikuwa huku, msomaji. Kumi na mmoja wote, na sahihi zao zimekauka. Kule kulipaswa kuwa na chai tupu.

Kimya kidogo. Halafu, moja zaidi, peke yake, polepole.

Ngoo.

Tatu na moja. Abigael akiwa mdogo, akisikia hivyo alijua ni baba yake, anakimbia mlangoni.

Ng'ambo, kati ya mistari ya chai, mwanaume alikuwa amesimama na gunia miguuni. Jua lilikuwa nyuma yake, uso hauonekani. Aliinua mkono.

Onyiego alianza kucheka. Kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka akashika magoti. "Madam! Madam, hebu hesabu! Huyo pia si ni kichwa?"

Linet aliangalia ng'ambo. Aliangalia mikaratusi, ambapo jua lilikuwa limebakiza ukucha. Aliangalia karatasi ya bluu. Kisha akamwangalia Mokeira machoni.

"Mama Abigael. Unamjua yule mtu?"

Mokeira aliangalia mkono ule ulioinuliwa. Miaka minne. Akaangalia X nyekundu kwenye chuma ambacho mkono ule ulikichomelea.

"Simjui," alisema.

Kalamu ikaanza kutembea.

Na nyuma yao, bila neno, Mong'ina aliweka fimbo yake chini, akainama kwa kigingi, na akaanza kufungua kamba ya mashua.